Kidole Kinachosoma

1

Mhandisi Shekue Mdoe aliingia barazani akiwa ameshajihesabia ushindi. Shati lilikuwa limenyooka, kishikwambi kiko kwapani, na usoni kaweka lile tabasamu la mtu aliyeitwa kueleza kwamba maji yanalowesha. Kesi yenyewe aliiona ni upuuzi wa kumpotezea mtu asubuhi yake. Mzee mmoja mwoka mikate wa Ngamiani, jina lake Ngwali Faki, alikuwa anadai ati hakukubali kulazwa kwenye Nyumba ya Usingizi ya Lushoto, ilhali kivinjari kilionyesha kwamba alikubali kila neno la mkataba, tena kwa kidole chake mwenyewe. Na sehemu ile ya kivinjari inayoshika maneno aliitengeneza Shekue. Kumwambia kwamba imekosea ilikuwa sawa na kumtukania mama yake.

Siku hizo kile kitufe cha "Nakubali" kilikuwa kimeshapigwa marufuku, na kwa haki kabisa, maana watu walikuwa wakikibonyeza kama wanaua mbu. Walikubali kugawa sura zao, sauti zao, hata ndoto zao, kisha wakaja kulia mahakamani kwamba hawakujua. Bunge likachoka nao. Ikatungwa Sheria ya Kushika: mkataba haukufungi ila kwa maneno uliyoyapitia kwa kidole chako juu ya kioo. Neno ulilolishika ni lako, usilolishika halikuhusu, na neno likishashikwa halirudi, hata ulie machozi ya damu.

Tatizo likawa vidole. Kidole cha binadamu ni kinene kuliko mstari, na kinalifunika lile lile neno kinalolitaka. Mtu anataka maneno matatu, anashtukia ameshika aya nzima. Anataka aya, ukurasa wote unageuka njano mpaka kwenye tangazo la sabuni huko chini. Akivuta kale kamshikio ka mwisho ili apunguze, kanamrukia mstari wa juu. Watu walivitukana vioo vyao hadharani, na baadhi yao walikuwa viongozi wa dini. Shekue, wakati huo kijana machachari wa Kampuni ya Fumbuo yenye kivinjari kilichokuwa kimeenea nchi nzima, aliwatazama watu hao akabetua midomo. Hawajui kuchagua, alisema. Basi wachaguliwe.

Ndipo akaunda alichokiita Ukamilisho. Kuanzia hapo kivinjari hakikujali tena kidole kimeanzia wapi na kimeishia wapi. Kilitazama mwendo. Kidole kikipita mbio, mwenyewe hana haja na maneno hayo. Kikipunguza mwendo, anayataka. Kikisimama, anayataka sana. Kikirudi nyuma, hapo hata kuuliza ni ujinga. Kisha kivinjari kinajumlisha, kinabashiri mtu alikuwa anaelekea wapi, na kinamalizia chenyewe yaliyobaki. Ile rangi ya njano iliyokuwa ikifuata kidole Shekue aliifuta, kwa sababu watu wa majaribio walisema inawaumiza macho. Kazi ikiisha kioo kinaandika "Asante", basi. Matusi yakakoma. Shekue akapewa tuzo, akapewa gari, na kichwa kikamvimba kiasi kwamba hata wenzake wa ofisini walimsalimia kwa mbali.

Mteja mkubwa wa Fumbuo alikuwa ni hiyo Nyumba ya Usingizi. Huko Lushoto, kwenye baridi ya milimani, watu wenye maradhi yasiyo na dawa walikuwa wakilazwa ndani ya majeneza ya kioo, mwili ukapozwa mpaka moyo unakaribia kusahau kazi yake, wakangoja miaka thelathini, arobaini, hata zaidi, dawa ipatikane. Mgonjwa alipewa mkataba akiwa kitandani, mpira wa dawa umeshachomekwa mkononi. Mara tu maneno yakishashikwa yote, dawa ya kutuliza ilianza kushuka yenyewe. Walifanya hivyo kwa huruma, ati, kwa sababu mtu akiachwa afikiri dakika za mwisho huingiwa na hofu.

Mzee Ngwali, aliyekuwa na ini bovu na miaka michache tu mbele yake, alisimulia yake kwa ufupi. Wanawe walimshauri aende akasikilize. Alikwenda, akapewa kioo, akaanza kusoma, na kabla hajafika nusu aliona maji yanatembea ndani ya mpira. Akaung'oa, akaangusha stendi, akatoka mbio na lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni mpaka getini, walinzi wakamkamata. Watu barazani walicheka. Mzee hakucheka. Alisema anataka kufia karibu na tanuri lake, mkewe akiwa hai na wajukuu wakimjua jina, na hataki kuamka baada ya miaka arobaini aulize wote wamezikwa wapi. Lakini Nyumba ya Usingizi ilimtaka arudi kitandani, kwa kuwa neno limeshashikwa, na baraza likisema ndiyo, angerudishwa kwa nguvu wiki hiyo hiyo.

Wakili wa Fumbuo, Tumsifu, kijana wa suti ya kubana na sauti ya redio, aliinuka kwa madaha. Alisema hoja yake ni moja na inatosha. Tangu Ukamilisho uanze kutumika Lushoto, wamelala maelfu, na hakuna mlalaji hata mmoja aliyewahi kulalamika. Shekue alitikisa kichwa kwa fahari. Kauli ile ilipita barazani bila hata mtu kukohoa.

Mwenyekiti wa baraza, Bi. Nakijwa, mama mtu mzima asiyependa mbwembwe, alimtaka mzee aonyeshe jinsi alivyosoma siku ile. Akapewa ukurasa wa karatasi. Mzee Ngwali akasogeza kiti, akaweka kidole cha shahada chini ya neno la kwanza, na mwili ukaanza kuyumba kidogo, mbele na nyuma, midomo ikitembea bila sauti. Kidole kilikwenda neno kwa neno. Kilipofika kwenye neno gumu kilisimama. Alipopotewa na maana, kilirudi mwanzo wa mstari na kuanza upya.

Shekue aliangua kicheko. Yeye alisoma shule ya misheni kule Bumbuli, ambako mwalimu alitembea na rula, na mtoto aliyefuata mstari kwa kidole alichapwa vifundoni mpaka macho yake yajifunze kutembea yenyewe. Kusoma kwa kidole kwake yeye ilikuwa ni alama ya watu waliobaki nyuma. Tumsifu naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka wakubwa wakicheka.

"Ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani, mwanangu," Mzee Ngwali alisema bila kuinua macho. "Kuanzia alifu mpaka leo. Nikitoa kidole, mstari unanipotea."

Kicheko cha Shekue kilikatika katikati. Alikitazama kidole kile kikipunguza mwendo, kikisimama, kikirudi nyuma. Kilikuwa kinafanya kila kitu ambacho Ukamilisho ulifundishwa kukiita kutaka. Mzee hakuwa amechagua kitu. Alikuwa anasoma, na alivyosoma kwa makini zaidi ndivyo kivinjari kilivyomfunga zaidi. Angekuwa mzembe, angepitisha kidole ovyo kama wanavyofanya vijana, asingeshikwa na neno hata moja.

Na roho ilimruka Shekue kwa sababu nyingine. Alimjua mtu mwingine aliyesoma vile vile. Mkewe, Mwanamvua, mtoto wa Pangani, alikwenda chuoni kabla ya kwenda shule, na kidole chake kiliandama kila maandishi yaliyopita mbele yake, gazeti, boksi la dawa, hata bango la harusi. Katika maisha yote ya ndoa Shekue alikuwa akimkejeli, akimwuliza atahitimu lini chekechea. Mwanamvua alikuwa akisonya tu na kuendelea kusoma. Mwanamvua huyo alikuwa amelala Lushoto mwaka wa sita sasa.

Bi. Nakijwa aliahirisha shauri mpaka kesho yake. Alimwagiza mhandisi alete nyayo za kidole cha mzee, yaani kumbukumbu ya mwendo wake halisi juu ya kioo, aje aeleze mbele ya baraza zinasema nini.

2

Fumbuo ilitunza nyayo za kila mtu, na hakuna aliyewahi kuzifungua. Kwa nini wazifungue? Kivinjari kilishasema mtu amekubali, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuipekua mashine inayosema unachotaka kusikia. Shekue alifika ofisini mchana ule, akafunga mlango, akafungua za Mzee Ngwali kwanza. Zilikuwa kama alivyozitarajia. Mstari mwembamba ulitambaa chini ya maneno, ukasimama, ukarudi, ukaendelea, na karibu na katikati ya mkataba ukarushwa pembeni kwa nguvu, pale mzee alipoona maji yanatembea. Kuanzia hapo hapakuwa na kidole. Kurasa zote zilizobaki zilishikwa na Ukamilisho wenyewe.

 Kisha akafungua za mkewe.

Mwanamvua alikuwa na ugonjwa wa mapafu, ule unaoyageuza kuwa magumu kidogo kidogo mpaka pumzi inakosa pa kuingia. Shekue ndiye aliyeshikilia kwamba akalale. Alimbembeleza miezi, akamletea madaktari, akamletea picha za majeneza ya kioo kana kwamba ni nyumba za kupanga. Mwanamvua hakusema ndiyo wala hapana. Alichosema ni kimoja tu, tena siku ile ile ya kitandani: nipeni nisome kwanza. Shekue akampa kioo, akaenda kantini kunywa chai. Aliporudi kioo kilikuwa kimeandika "Asante" na macho ya mkewe yalishakuwa mazito. Alijaribu kusema kitu. Shekue, kwa mahaba yake ya kijinga, alimwekea kidole mdomoni, akamwambia asijichoshe.

Sasa nyayo zake zilikuwa mbele yake. Kidole cha Mwanamvua kilitembea taratibu, safi, hakikuruka hata nukta. Kilipita kifungu cha gharama, kikapita kifungu cha mazishi kama mlalaji akifa usingizini. Kilipofika kwenye kifungu kisemacho kwamba mwenzi wa mlalaji atahesabiwa huru na anaweza kuoa au kuolewa, kilisimama. Kikarudi mwanzo. Kikasoma tena. Kikarudi tena. Ukamilisho, ambao haukuwa na akili hata ya kuku, uliandika pembeni kwamba hapo mtu anataka sana. Mistari michache baadaye nyayo zilikatika katikati ya sentensi. Zilififia, zikateleza kuelekea chini, kama mkono wa mtu anayesinzia.

Hakukubali. Alikuwa anasoma bado.

Ndipo ile kauli ya Tumsifu ilipomrudia Shekue. Hakuna mlalaji aliyewahi kulalamika. Angelalamikaje? Kila aliyeshikwa bila kupenda alilala dakika ile ile, na alikuwa bado amelala, hana mdomo wala wakili, akingoja miaka arobaini aje kusema hapana yake. Mzee Ngwali alifika barazani kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa na mikono yenye nguvu ya kukanda unga na aliung'oa mpira. Fumbuo ilikuwa imejisifia ukimya wa watu iliowanyamazisha. Shekue mwenyewe aliiweka takwimu hiyo kwenye hotuba yake ya tuzo, watu wakapiga makofi, naye akainama kwa adabu kama bwana harusi.

Tumsifu aliingia bila kubisha hodi. Hakuhitaji kuelezwa, kioo kilikuwa wazi. Aliketi juu ya ukingo wa meza na kuanza kuzungumza kwa upole wa mtu anayekunja shuka la maiti. Alimkumbusha sheria inavyosema: chombo kikionekana kibovu, mikataba yote iliyoshikwa nacho inaanguka, na walalaji wote waliolazwa kwa mikataba hiyo sharti waamshwe waulizwe upya. Alimkumbusha na madaktari wanavyosema: mwili hauwezi kupozwa mara mbili, moyo hauvumilii. Atakayeamshwa ameamka, na maradhi yake yanaamka naye. Kisha akamkumbusha, kama vile Shekue angeweza kusahau, kwamba dawa ya mapafu yale ilikuwa tayari kwenye majaribio. Labda miaka kumi, labda pungufu.

Kwa hiyo kesho, Tumsifu alieleza, hakuna haja ya kusema uongo wowote mkubwa. Aseme tu kwamba nyayo za mzee zinalingana na nyayo za mtu aliyekubali. Na kwa mujibu wa Ukamilisho zililingana kweli.

"Ni mzee mmoja tu, Mhandisi," alisema. "Mwoka mikate. Na mwenyewe atapona huko mbele, atatushukuru. Upande wa pili yupo shemeji yetu. Unataka kumwua kwa mkono wako?"

Shekue alimtazama kijana yule na suti yake, akamdharau mpaka kwenye mfupa. Halafu akagundua kwamba maneno yale yale, neno kwa neno, yeye alikuwa ameshajiambia kabla mlango haujafunguliwa. Alikuwa ameshampima mzee wa watu kwa mkewe na kumwona mwepesi. Alimfukuza Tumsifu ofisini, lakini aliyetoka ni mmoja tu, na aliyebaki hakuwa bora kuliko aliyetoka.

Alijaribu kujipa moyo. Labda Mwanamvua angekubali. Mtu gani anataka kufa kwa kukosa pumzi? Angemaliza kusoma, angesema haya, nilazeni. Lakini kile kifungu cha mwenzi kuwa huru kilimkodolea macho, na kidole kilichorudi, kikarudi tena. Hapo alimwona mkewe akiumia peke yake kwenye kitanda kigeni, anasoma kwamba mumewe ataoa mwingine, huku mumewe yuko kantini anachovya andazi kwenye chai. Alijiambia kwamba mtu anayesimama mara tatu mahali kama hapo yuko njiani kwenda kusema hapana. Kisha akashtuka, maana hivyo ndivyo hasa Ukamilisho unavyofikiri. Alikuwa anambashiria tena. Hakuna aliyejua Mwanamvua alitaka nini, kwa sababu hakuna aliyemngoja aseme.

3

Kesho yake alisimama mbele ya baraza na kusema kila kitu. Hakusema vizuri. Alianza na maneno ya kihandisi, Bi. Nakijwa akamkatiza, akamtaka aseme Kiswahili cha watu. Basi akasema kwamba kivinjari chake hakiwezi kutofautisha mtu anayechagua na mtu anayesoma kwa kidole, kwamba hakijawahi kuweza, na kwamba walipokijaribu walijaribu wao kwa wao, vijana wa ofisini waliosoma shule moja, wenye macho yanayokimbia na vidole vilivyolegea. Hawakumwita hata mtu mmoja aliyepitia chuoni. Haikuwapitia akilini kwamba wapo wanaosoma hivyo, na kama ingewapitia, wangecheka.

Tumsifu aliruka kitini. Alitangaza mbele ya wote kwamba shahidi ana mke Lushoto, amelala kwa mkataba wa chombo hicho hicho, na kwamba mtu anayesema maneno haya huenda amechanganyikiwa na asisikilizwe.  Bi. Nakijwa alivua miwani, akamwuliza Shekue kama anaelewa kauli yake inamfanyia nini mkewe.

"Naelewa, Mheshimiwa."

"Na bado unaisema?"

"Bado naisema. Yeye alikuwa anasoma."

Mwenyekiti akaandika. Kisha akauliza swali ambalo Shekue alipaswa kujiuliza ujanani, kabla ya tuzo na gari: chombo kama hicho kilipaswa kufanya kazi vipi?

"Kilipaswa kuwa kijinga," Shekue alijibu. "Kishike kuanzia kidole kilipoanzia mpaka kilipoishia, kisizidishe herufi. Kinachoshikwa kionekane kinashikwa, hapo hapo, mwenyewe akitazama. Akisema achia, kiachie. Na kabla ya kufunga kitu kimwulize, kisha kinyamaze kingoje jibu, hata likichelewa mpaka jioni. Mambo hayo yote ni mepesi, Mheshimiwa. Mwanafunzi angeyatengeneza. Mimi niliyaona ni ya kishamba."

Uamuzi ulitoka kabla ya adhuhuri. Mzee Ngwali aliachiwa huru, Ukamilisho ukapigwa marufuku, na walalaji wakaamriwa waamshwe mmoja mmoja. Wana wa mzee walilia kwa furaha. Mzee mwenyewe alivaa kofia yake, akampita Shekue mlangoni bila kumpa hata salamu. Shekue hakumlaumu, na hakupata wa kumlaumu popote alipotazama.

4

Mwanamvua aliamshwa kwenye chumba chenye dirisha linalotazama misitu. Shekue alikuwa kando ya kitanda, kakonda, ndevu zimemwota ovyo. Daktari alishamwambia mambo ya kumwambia: miezi michache, pengine wa tano ataufikia, na kurudishwa usingizini haiwezekani kabisa. Mgonjwa anaamka na akili zake zote, alisema, ila sauti itakuwa ya kukwaruza.

Ilikuwa ya kukwaruza kweli. Mwanamvua alifungua macho, akaangalia dari, akamwangalia mumewe mvi zilizomtokea, akauliza kama chai ilikuwa tamu. Shekue hapo akavunjika. Alimweleza yote kwa mfululizo, bila kujipamba, Ukamilisho na Mzee Ngwali na nyayo na baraza, akasema ni yeye aliyemlaza bila ridhaa yake na ni yeye aliyemwamsha aje kufa. Akasema asimsamehe. Mwanamvua alisikiliza mpaka mwisho akipumua kwa shida. Shekue alipomaliza, mkewe alimwambia jambo moja tu, kwamba anautaka ule mkataba.

Muuguzi alileta kishikwambi. Mwanamvua alikitazama kama anayetazama mende kwenye sukari, akataka karatasi. Ikabidi itafutwe mashine ya kuchapa kwenye jengo lingine. Kurasa zilipofika, alizipekua taratibu mpaka akapata mahali alipoishia miaka sita nyuma, akarudi kidogo nyuma ili apate mtiririko, akaweka kidole chini ya mstari. Kilikuwa kimekauka. Kilitembea.

Shekue alikaa akikitazama kidole kile. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukitazama isipokuwa kwa kejeli, na sasa hakuthubutu hata kupangusa pua. Kilipofika kwenye kifungu cha mwenzi kuwa huru, kikasimama. Kikarudi mwanzo. Shekue aliinamisha kichwa na kumwomba radhi kwa mara nyingine, akasema anajua pale ndipo alipomwumiza, ameona alivyosimama mara tatu.

Mwanamvua alitoa sauti ambayo mwanzoni Shekue aliidhania ni kikohozi.

"Nilikuwa nacheka," alisema. "Siku ile pia nilikuwa nacheka. Nilikuwa najiuliza ni mwanamke gani duniani atakayekubali kuja kupikia kiumbe kama wewe."

Kisha akaendelea kusoma. Hakuruka kitu. Alipochoka alipumzika, karatasi zikiwa kifuani, halafu akaendelea pale pale. Jua lilikuwa limehama dirishani alipofika neno la mwisho. Alizipanga kurasa vizuri, akazigonga gonga kwenye paja zilingane, akaziweka pembeni na kumgeukia mumewe. Shekue alisema kwa sauti ndogo kwamba sasa anajua, kwamba angekataa, na kwamba angalau hapana yake imesikika.

Mwanamvua akasonya, lile sonyo refu la Pangani ambalo Shekue alikuwa amelikosa kwa miaka.

"Nani kakwambia ningekataa? Unanimalizia tena," alisema. "Ningekubali, Shekue. Nilitaka kupona. Nilikuwa nimebakiza kurasa mbili tu. Haraka ilikuwa ya nini?"

Shekue alifungua mdomo. Mwanamvua alivuta pumzi yake fupi, akamtazama usoni, akamngoja ajibu.